Mikato Mitatu ya Bi Vanila

Kama ulitaka kumfukuza Mzee Almasi kwenye karakana yake mwenyewe, hukuhitaji fimbo wala matusi. Ulisimama tu mlangoni ukasema, "Mzee, ile keki yako mbona rahisi? Unachukua kisu halafu..." Basi, hukufika mbali. Mzee aliziba masikio kwa viganja vyote viwili, akaanza kuimba wimbo usio na maneno, sauti inakwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni, na alikuwa radhi kutokea mlango wa nyuma aache kazi mezani kuliko kusikia neno lililofuata.

Jirani yake, fundi cherehani, alikuwa mhanga wa kwanza. Yeye alisimuliwa kile kitendawili asubuhi na kabla chai haijapoa alikwishalipata jibu. "Mimi nakata suruali tano kwa mkasi mmoja," alijigamba, "hili litanishinda?" Akavuka ukumbi mbio, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, anapiga kelele kwamba amepata. Mzee akaimba. Fundi cherehani akapaza sauti. Mzee akapaza zaidi. Wateja waliokuwa wakisubiri vioo vya madirisha wakavua kofia zao taratibu, wakidhani mtu kafiwa.

Na kweli alikuwa kafiwa, ila si siku hiyo.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Mzee Almasi zilikuwa nyingi, tena za kutosha kuazima watu, lakini zilikuwa na kipara mahali pamoja tu, hapo penye keki. Kitendawili chenyewe kilikuwa hiki: keki ya mviringo, uikate mara tatu tu, upate vipande vinane vinavyolingana. Mikato mitatu, vipande vinane. Mtoto wa shule angekuuliza, haya, na baada ya hapo? Mzee Almasi alikaa nacho tangu ana nywele nyeusi mpaka zikawa nyeupe, na sababu ya kukaa nacho ndiyo hadithi yenyewe, kwa hiyo vuta kiti.

Jina la Almasi hakupewa na wazazi wake. Lilitoka kwenye kile kifaa kidogo cha kukatia kioo, chenye ncha ya almasi, alichokiweka mfukoni mwa shati upande wa moyo hata siku za mapumziko. Alikuwa fundi vioo, na kwenye kazi hiyo hakuwa na mzaha. Mstari wa kioo, alikuwa akisema, huvutwa mara moja, toka ukingo huu mpaka ule, bila kusita na bila kurudia. Ukirudia, kioo kitavunjika kinavyotaka chenyewe. Aliichovya almasi kwenye mafuta ya taa, akaweka rula, akavuta, sauti ikatoka nyembamba kama kitambaa kinachochanwa chumba cha pili. Kisha akakiweka kioo kwenye ukingo wa meza, akabonyeza kidogo tu, na kikaachana kwa adabu.

Katika ujana wake alitumwa kwenda kuweka kioo kipya kwenye kabati la keki katika duka moja la mikate. Nyuma ya kabati alisimama msichana mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Huyu ndiye ambaye baadaye mtaa mzima ulimwita Bi Vanila, kwa sababu harufu ya vanila ilitangulia kuingia kabla yake na ilichelewa kutoka. Kijana alikata kioo pale pale dukani, tena kwa madoido, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kutazama.

"Unajisifu sana wewe," msichana alisema.

"Nimesema neno gani? Nimekata tu."

"Mkono wako ndio unajisifu. Haya, bingwa wa kukata. Keki hii hapa. Nipe vipande vinane sawa kwa sawa, lakini kisu kipite mara tatu tu."

"Mara nne, ulitaka kusema."

"Nimesema tatu. Au masikio nayo ni ya kioo?"

Alipata vipande sita. Akajaribu kwenye keki ya pili, iliyoungua kidogo upande mmoja ambayo isingeuzika, akapata saba, tena saba vya ajabu, vingine vikubwa vingine vidogo, na katikati kabisa pembetatu moja isiyogusa ukingo wowote. Msichana alicheka mpaka mwenye duka akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kijana akaaga akiwa amepandwa na hasira, na kesho yake akarudi akiwa na karatasi. Keshokutwa akarudi na boksi. Wiki iliyofuata akaleta kioo cha mviringo alichokikata vipande saba na kusugua kingo zake zote zisimkate mtu, akampangia mbele ya macho yake kipande kimoja kimoja. "Saba," msichana alisema. "Umepotea njia ile ile, ila leo umepotea vizuri."

Watu walisema kaolewa kwa kuchoka kucheka. Wacha waseme. Alimpenda, na yeye alipendwa, na jibu hakupewa.

Tangu hapo, kila mwaka siku ya kukumbuka ndoa yao, Bi Vanila alioka keki moja ya mviringo, akaipaka krimu nyeupe juu, akaiweka mezani na kisu pembeni. "Fundi, karibu kazini," alisema. Mzee alikunja mikono ya shati. Alikata, akahesabu, vikawa saba. Ile pembetatu ya katikati, laini pande zote, waliiita kitovu, na kitovu kilikuwa cha Bi Vanila. Alikila polepole kwa kijiko kidogo huku akimtazama mumewe kwa jicho la uchokozi.

"Nikwambie?"

"Thubutu!"

"Nani alikuwa anataka kukwambia? Nilikuwa napima tu."

Usimcheke mzee wa watu. Mtu aliyeshika vioo maisha yake yote huona vitu kwa namna yake. Kwake yeye kitu kilikuwa na urefu na kilikuwa na upana, kimelala mezani, na yeye yuko juu yake na rula. Alipoitazama keki aliitazama vivyo hivyo, kutoka juu, duara jeupe. Na kwenye duara jeupe, hata ukiita malaika waje na rula zao, mikato mitatu inatoa vipande saba na haizidi hapo.

Kisha Bi Vanila akaugua. Ugonjwa haukumchelewesha sana. Binti yao wa pekee, muuguzi wa hospitali ya mji mwingine, aliomba likizo akaja kukaa naye, na mchana wa siku moja mama na binti walifunga mlango wa chumba wakazungumza kwa muda mrefu. Mzee alisikia kicheko. Hakuamini masikio yake, mtu anaumwa vile na bado anacheka. Alikaa ukumbini na gazeti kichwa chini miguu juu, mpaka mlango ukafunguliwa.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka na vyombo vya watu kurudishwa, binti alimkalisha baba yake.

"Baba, mama ameniachia neno lako."

"Neno gani?"

"Sina ruhusa. Amesema nikupe siku utakayokata vipande vinane. Si kabla."

"Unanitania, mama." Alimwita bintiye mama, kama baba wengi wanavyowaita mabinti zao.

"Natamani ningekuwa nakutania."

Wahenga wamesema asiyekuwepo na lake halipo. Walikosea kwa Bi Vanila. Yeye hakuwepo na lake lilikuwepo, limekaa mdomoni mwa binti yake linangoja.

Mwaka wa kwanza mzee alikuwa kama mwehu. Alikata mikate, alikata sabuni, alikata viazi vibichi, alikata sponji la godoro la zamani. Jikoni mwake hukukanyaga bila kuteleza. Alitaka lile neno. Alilitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Chumba cha kulala kilikuwa kimya kupita kiasi, na kulikuwa na mto mmoja ambao hakuwa ameubadilisha foronya kwa sababu ya harufu, na harufu yenyewe ilikuwa inaondoka kidogo kidogo, kila akiivuta anaipunguza. Neno la mkewe lilikuwepo duniani, mtu mwingine analijua, yeye halijui. Hebu fikiria uchungu wake!

Lakini mwaka wa pili mkono ukapungua kasi. Na wa tatu ukapungua zaidi. Kuna jioni alikuwa anakata kipande cha sabuni, akaweka kisu chini, akajisemea: nikipata, nitalisikia. Nikishalisikia, basi. Hakuna jingine nyuma yake. Wengine huhesabu kila walichopewa na marehemu, na hawana kipya cha kungoja. Yeye alikuwa bado na kitu kimoja kinachokuja kutoka kwa mkewe. Mwenye chapati moja tu hali haraka.

Hapo ndipo alipoanza kuziba masikio na kuimba.

Binti, naye, alikuwa na lake. Alitaka baba yake ahamie kwake. Kila mwaka, siku ile ile ya ndoa, alikuja na keki ya mviringo aliyoioka mwenyewe kwa kipimo cha mama yake, na baada ya vipande saba alianza. Baba, mikono yako inatetemeka siku hizi. Baba, hapa ukianguka nani atajua? Baba, chumba kipo, kina dirisha linaloangalia barabara, wajukuu wanakuuliza. Alizungumza kama anavyozungumza wodini, kwa sauti ya mtu ambaye huamrisha wanaume wakubwa wageuke wachomwe sindano na wanageuka.

Mzee alikuwa na jibu moja. "Mama yako kaniuliza swali, na kaniuliza katika nyumba hii. Siwezi kuondoka katikati ya mazungumzo."

Kitovu kilibaki kwenye sahani hakuna mkono unaokigusa, na binti alikifunga kwenye karatasi akampelekea fundi cherehani, ambaye hakuwa na huzuni ya kumzuia kula.

Sasa mwaka tunaousema, mzee alipata kazi ya duka la dawa lililofunguliwa kona ya mtaa. Walitaka rafu za kioo kinene. Mzee hakukipenda kioo kinene, maisha yake yote aliishi na vioo vya madirisha, lakini kazi ni kazi. Kioo kinene ukishakikata lazima ukisugue ukingo kwa jiwe na maji, usimjeruhi mtu, na ili ujue umelainika sawasawa inabidi uinamishe kichwa mpaka jicho liwe sawa na ukingo wenyewe. Magoti yalilalamika. Akayapuuza.

Rafu ilikuwa imelazwa juu ya vipande viwili vya mbao. Ng'ambo yake, kwenye meza hiyo hiyo, ulikuwepo mkate wake wa mchana, wa mviringo, bado mzima. Mzee akainama, akafumba jicho moja. Ukingo wa kioo kinene si mweupe, ni wa kijani, kila fundi vioo anajua. Na huo mstari wa kijani, kutoka pale alipokuwa ameinama, ulipita moja kwa moja katikati ya mkate ule kwa ubavuni. Nusu ya mkate juu ya mstari. Nusu chini.

Alibaki ameinama.

"Aa," alisema. Kisha akasema, "Wewe mwanamke wewe!"

Keki ina ubavu! Unaikata msalaba kutoka juu, mara mbili, unapata vinne. Halafu unalaza kisu, unaipasua katikati kwa ubavuni, kila kipande kinakuwa viwili. Vinane. Sawa kwa sawa. Mikato mitatu. Kitoto! Kilikuwa hapo tangu siku ya kabati la keki, na msichana mwenye unga kwenye nyusi alimtazama akihangaika na rula juu ya duara na hakusema kitu. Mzee alicheka peke yake karakanani, akapiga meza kwa kiganja, jiwe la kusugulia likaanguka.

Kisha moyo ukampiga paa.

Kwa sababu siku ya ndoa ilikuwa kesho yake. Binti alikuwa amekwishapanda basi. Neno lilikuwa njiani linakuja, na yeye, mzembe, ameshika ufunguo mkononi. Alikaa kwenye kreti akautazama mkate kwa chuki. Alitamani kulisikia neno lile mpaka meno yalimuuma. Na alitamani lisiishe. Mambo mawili hayo hayakai chungu kimoja, na mzee akaamua, kwa ukaidi wake, kwamba hajaona kitu. Kesho atakata saba kama kawaida. Nani atajua?

Binti alifika saa za alasiri, keki ndani ya boksi, mikoba miwili begani. Alimkumbatia baba yake akamnusa kama muuguzi anavyomnusa mgonjwa, kujua kama anaoga. Akapika chai. Akasema habari za wajukuu, mmoja kang'oka jino, mwingine kagombana na mwalimu wa hesabu. Akasema chumba kimepakwa rangi.

"Rangi gani?" mzee aliuliza, akajilaumu kwa kuuliza.

"Ile unayoipenda. Nyeupe ya maziwa."

"Hm."

Keki ikatolewa, krimu nyeupe juu, ukingo umesawazishwa vizuri. Binti akaweka kisu pembeni. Hakusema "Fundi, karibu kazini," hakuwahi kuyasema maneno yale, aliona si yake. Mzee akakunja mikono ya shati.

Ukitaka kupata saba, mkato wa kwanza unauweka kando kidogo ya katikati, wa pili unaukwepesha, na wa tatu unaikata yote miwili, ila si pale ilipokutana. Mzee aliujua huo mpango kama anavyojua kufunga vifungo. Akashusha kisu. Lakini mkono wa fundi ni mbishi. Ukishajua pa kupita, haukubali kudanganya. Mkato wa kwanza ukapita katikati kabisa, toka ukingo mpaka ukingo. Wa pili ukaukata wa kwanza katikati, msalaba ulionyooka kama kwa rula.

Alishtuka alipouona. Binti naye aliuona. Kikombe chake kilikuwa kinaelekea mdomoni, kikasimama hewani.

"Baba."

"Nimekosea. Mkono umeteleza."

"Mkono wako haujawahi kuteleza."

"Si wewe uliyesema mikono yangu inatetemeka siku hizi?" Alijaribu kucheka. "Bado, mama. Mwaka huu pia bado. Funga hii keki tumpelekee jirani."

Binti hakuifunga. Aliweka kikombe mezani taratibu, na ile sauti ya wodini ikamtoka yote, akabaki na sauti aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo anaogopa radi.

"Baba, unafikiri ni wewe tu unayengoja? Kila mwaka nalipakia neno la mama kwenye mkoba, nakuja nalo. Unakata saba, nalibeba tena narudi nalo. Njia nzima kwenye basi nalirudia kimoyomoyo nisije nikasahau hata silabi moja. Mwaka jana nililirudia nikahisi sauti yake imeanza kunipotea, linatoka kwa sauti yangu mimi. Nililia mpaka abiria mwenzangu akanipa leso. Mimi pia ni mtoto wake. Nimechoka kulibeba peke yangu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzee alikuwa ameimba na kuziba masikio miaka yote hiyo, na hata siku moja hakuwa amejiuliza aliyelibeba neno analibebaje. Aliona haya. Alimtazama bintiye, nywele zimeanza mvi pembeni, mikono imekauka kwa kunawa dawa za hospitali, akaona kwamba mtoto amezeeka akiwa anamsubiri.

"Ulijua tangu lini kwamba nimepata?" aliuliza.

"Sikujua. Nimejua ulipokata wa pili."

"Nimepata jana."

"Na ulitaka kunificha?"

"Nilitaka kumficha yeye," alisema mzee. "Akishasema, mama, atanyamaza."

Binti alinyoosha mkono akakishika kiganja cha baba yake, na wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Halafu mzee akaondoa kiganja, akakishika kisu. Akainamisha kichwa mpaka jicho likawa sawa na meza, magoti yakalia, akaweka ncha ya kisu katikati ya ubavu wa keki. Alikivuta mara moja, toka ukingo mpaka ukingo, bila kusita. Akainua vipande vya juu kimoja kimoja akaviweka kwenye sahani moja, na vya chini kwenye sahani nyingine.

"Vinane," alisema.

"Vinane," binti alijibu, machozi yanamtiririka na hayafuti.

Mzee akaweka mikono yake miwili mezani. Aliiweka kwa nguvu, isije ikakimbilia masikioni.

"Haya. Lete."

Binti akavuta pumzi. Alifumba macho, na alipoanza kusema, mzee alimsikia mkewe ndani yake, ule uchokozi wake, ile namna yake ya kupandisha neno la mwisho.

"Alisema hivi: 'Hongera, mume wangu. Ulichukua muda wako. Sasa acha kujisifu utazame hizo sahani. Wanne wamepata krimu, na wanne umewapa keki kavu kama watoto wa kambo. Hiyo ndiyo haki? Rudi kazini, fundi. Mikato ile ile mitatu, vipande vile vile vinane, na kila mmoja apate krimu yake juu.'"

Mzee alizitazama sahani. Kweli! Hii ina krimu, ile haina.

"Halafu?"

"Basi. Ndilo neno lenyewe."

"Na jibu lake?"

"Nilimwuliza. Akasema hata yeye hajui. Alilifikiria kitandani pale, siku zake zile za mwisho, hakulipata. Ndiyo maana tulicheka. Nikamwambia, mama, sasa unampa mtu swali usilolijua? Akasema, 'Yeye ndiye fundi. Mimi nilikuwa muuza keki tu. Atanieleza.'"

"Kasema nitamweleza?"

"Ndivyo alivyosema. 'Atanieleza.'"

Mzee akacheka. Kicheko kilianza chini huko tumboni, kikapanda, kikafika kooni kikageuka kilio, na hakukizuia, alilia mbele ya mtoto wake kama ambavyo hakuwahi kulia hata siku ya mazishi, huku akipiga meza kwa kiganja na kusema, "Huyu mwanamke! Huyu mwanamke hajamalizana na mimi!" Fundi cherehani akachungulia mlangoni, akaona baba na binti wanalia na kucheka juu ya keki iliyopasuliwa, akarudi alikotoka bila kuuliza.

Baadaye mzee alijipangusa uso kwa mkono wa shati. Alivuta sahani zote mbili, akarudisha vipande pamoja, vya juu juu ya vya chini, mpaka keki ikawa nzima tena na alama zake za visu. Aliizunguka kwa macho, kutoka juu, kisha ubavuni, kisha juu tena.

"Hicho chumba chako," alisema bila kuinua kichwa, "kina meza?"

"Ipo moja ndogo, ya pembeni."

"Ndogo haifai," alisema Mzee Almasi. "Tafuta kubwa. Mama yako amenipa kazi."